Kahawa Inayoishia Kwenye Mkate

Sydenham, Durban
14 Agosti 1999

Dada yangu mkubwa, Yaya Laetitia,

Sisi hapa tunaamka salama. Saluni yangu inaendelea, Prodige ameota jino la kwanza. Uliuliza kama mashine ya espresso ya mdogo wako Barthélemy bado iko. Iko, pamoja na kinu chake cha kusagia kahawa.

Unajua alivyokuwa anapima muda wa kahawa? Maji yakianza kushuka, anaanza Baba Yetu, polepole. Kikombe lazima kijae kwenye Amina. Nilimcheka, lakini kila asubuhi kahawa ilikuwa ile ile. Pete ya kinu, ile ya kuzungusha ili kusaga laini au nene, aliitia alama kwa rangi yangu ya kucha, mtu asiisogeze.

Tangu tumzike, punje za kahawa zimezeeka na maji yanapita mbio. Kahawa inaisha nikiwa bado kwenye mkate wa kila siku, nyepesi kama chai. Jirani yetu Yvette ananiambia, "Eish, Mama Prodige, saga laini zaidi, basi." Najua. Ila baada ya mkate kuna kuomba msamaha, na huko sikutaka kufika.

Yaya, asubuhi ile ya mwisho tulikuwa tumenuniana. Aliniachia kikombe mezani, akatoka kwenda kazini Mobeni. Nilikimwaga kwenye sinki akiwa bado kwenye ngazi, ili asikie.

Leo nimesogeza pete, nikavuka alama yake. Kahawa ilishuka taratibu. Nilipofika kwenye msamaha sauti ilikatika, lakini kahawa iliendelea kushuka, ikaningoja. Nikamaliza. Nikanywa yote, nimesimama pale pale kwenye sinki.

Msalimie Mama. Hilo la kikombe usimwambie.

Mke wa mdogo wako,
Marcelline