Tangazo Lisilotaja Sabuni

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imekatika na matope ya mtaa wetu wa Kasuku yameanza kukauka. Nimekaa barazani, nimetulia. Jana sikuwa hivi.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu: naendesha kurasa za wafanyabiashara wa Kindu mtandaoni. Safari hii nimepewa sabuni mpya ya mawese. Bosi alitaka tuizindue kama wanavyofanya wakubwa wa Kinshasa: uwafiche watu kitu chenyewe, uwatie hamu, mwishoni ndipo ufunue. Basi Jumanne nikabandika picha nyeusi yenye maneno meupe: "Jumamosi, Kindu haitakuwa kama zamani. Jitayarisheni." Jina hakuna, sabuni hakuna. Nikalipia tangazo lifike mji mzima hadi Kailo.

Lilifika, tena mbio. Watu walilituma na kulituma tena, nami nikavimba kichwa.

Jana jioni nikarudi nyumbani nikamkuta mama amefunga furushi: sufuria ndogo, chumvi, vitenge, vyeti vyangu vya shule. Alikuwa amevaa viatu ndani ya nyumba.

"Usivue viatu, Aziza," akasema, wala hakupaza sauti. "Mama mukubwa yako ametuma habari toka Kailo. Wanasema Jumamosi."

Akanipa simu yake. Ilikuwa ile picha yangu nyeusi.

"Mama, hii ni piblisite, tangazo tu. Njo mimi niliandika. Ni ya sabuni."

"Sabuni iko wapi hapa? Muntu mwenye kuleta kitu kizuri anasemaka jina yake."

Niliitazama tena ile picha. Wakati wa vita nilikuwa mtoto wa mgongoni. Njia ya msituni tuliyokimbilia naijua kwa kusimuliwa tu. Mama anaikumbuka yote. Wakati ule pia habari ilipita nyumba kwa nyumba bila mwenyewe, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mjomba Salumu, kaka yake, aliidharau akabaki nyumbani. Hatukumwona tena.

Nikaketi kando yake, nikasoma kwa makini yale ambayo watu walikuwa wameandika walipolituma tangazo langu. Wengi walikuwa akina mama. "Wanangu, murudi nyumbani." "Musiende mbali Jumamosi."

Nilichokiita hamu kilikuwa hofu.

Niliona aibu, aibu ya kweli. Bila kumuuliza bosi nikaifuta ile picha, nikaweka sabuni yenyewe, jina lake, mahali inapotengenezwa, na uso wangu mwenyewe nikiomba radhi. Mama akasoma taratibu, akarudia, kisha akavua viatu. Nikalia kidogo, naye akanitania kwamba sabuni yenyewe hata haijaingia machoni.

Leo bosi amepiga simu. Nilidhani atanifukuza. Kumbe anafurahi! Sabuni inaulizwa sokoni, na sasa anataka mafuta ya nywele yazinduliwe kwa mtindo uleule. "Ile picha nyeusi ilitembea sana, Aziza. Urudie."

Naipenda kazi hii na sina nyingine. Lakini kesho nitakwenda kumwambia uso kwa uso kwamba sirudii. Akitaka kunitoa, anitoe.

Mama anapika sasa, anaimba. Amewaambia majirani wote kuwa ni sabuni tu, tena ya binti yake. Furushi liko nyuma ya mlango. Nilitaka kulifungua, akanizuia mkono.

Anasema atalifungua mwenyewe, Jumapili.