Haya ya Mukwe na Choo ya Chini

Kasongo, Jumamosi, siku ya Posho

Mama Anna, muke wangu,

Amani ya Bwana Yesu ikae mu nyumba yetu pale Kabambare. Mugongo yako imeacha kuuma? Na Anna wetu, maziwa inatoka, mutoto ananyonya vizuri? Mimi niko muzima wa mwili, lakini roho imechoka kabisa.

Sababu ni choo. Usicheke. Mama ya ule muzungu, Bwana wetu wa kazi, alifika toka Bulaya, muzee wa magoti mabaya, hawezi kupanda ngazi, na choo ya nyumba iko juu, mu etaje. Bwana akaniambia: "Fundi, weka ingine chini, uiunganishe na tuyo ya zamani, ile bomba ya kutoa uchafu. Ikipita vizuri, wewe na mukwe wako munapata konje, ruhusa ya kuacha kazi, mwende kwa ubatizo ya mutoto wenu." Nikamushukuru Mungu. Mimi nikaweka choo chini ya ngazi. Petro, mume wa Anna, akachimba mufereji na kulaza tuyo mupya mpaka kwa shimo kubwa kule inje.

Unajua desturi yetu: mutu na mukwe wake hawatajiani uchafu. Siku tatu tulifanya kazi ile bila kuitaja jina! Mimi naita, "Mukwe, ile kitu inaenda?" Yeye anainamisha macho: "Inaenda, baba."

Siku ya kujaribu, Madamu, muke wa Bwana, akavuta munyororo wa choo kule juu. Yesu wangu! Yote ya juu ikatokea chini, mu choo mupya, ikamwagika mpaka kwa viatu vya yule muzee. Bwana akawaka: "Hakuna konje!"

Siku mbili ninafungua tuyo, ninafunga, ninasali rozari. Mwisho uvumilivu ikaisha. Mbele ya wafanyakazi wote nikapiga kelele: "Petro! Mavi ya hawa watu inakwama wapi?"

Akafunika uso. "Baba, nilikuta jiwe kubwa mu mufereji. Nikapitisha tuyo juu yake."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekuambia namna gani? Wewe ni baba ya muke wangu."

Yaani tulikuwa tunapandisha mavi mulima, Mama Anna! Mupishi akaanguka kwa kicheko: "Bakwe hawa, hata choo wanaiheshimu!"

Tulivunja jiwe, tukalaza tuyo tena, iteremuke. Sasa inapita. Lakini Bwana hasira yake haijaisha: mumoja aende, mwingine abaki kuchunga choo mpaka mwisho wa mwezi. Ningefanya nini? Mutoto anataka baba yake. Petro ndiye anakuletea hii barua. Bado nimemukasirikia, lakini nimemupa shati yangu nyeupe ya misa, aivae.

Unisalimie kaka yangu mukubwa, mwenye kuchunga shamba yetu, na mama yako muzazi, na dada yako wa Lusangi. Jumapili ya juma inayokuja, ukimubeba mutoto mbele ya padri, umubebe na kwa mikono yangu.

Mume wako, mwenye hasira na mwenye kukukumbuka,

Baba Anna