Mpunga wa Tunda Haumo Kwenye Mpango

Baba,

Nikuambie mwenyewe kabla hujaisikia kwa mtu mwingine huko uliko, maana wazee wa kwetu Tunda wanakufuata mmoja mmoja na midomo yao unaijua. Nimekuita mwongo. Si nyumbani, si sokoni. Nilisimama ndani ya bunge la jimbo, hapa Kindu, mbele ya wabunge wote, nikavuta kipaza sauti karibu nikasema: baba yangu alidanganya.

Na haikusaidia kitu. Ningekuwa nimekuvunjia heshima nikapata barabara, ningekuja kaburini kwako nikapiga magoti nikaomba radhi, na yaishe. Lakini nimekuvunjia heshima bure, Baba. Ndiyo sababu nimekaa na kalamu siku ya tatu hii, naandika nachana.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Tangu tukuzike nimekuwa mbunge. Cheka tu. Wewe uliyesema siasa ni kazi ya watu waliokosa shamba, binti yako sasa anaitwa Onorabule, na kuna mtu anayenifungulia mlango. Watu wa Tunda hawakunichagua mimi, walichagua jina lako, wewe bwana shamba wao. Kwenye kampeni sikuhitaji maneno mengi. Mtu alisimama tu akasema, "Huyu njo mutoto ya Agronomu," na mkutano ukaisha hapo. Mimi nikawaahidi jambo moja, barabara ya kutoka Kibombo hadi Tunda. Unaijua ilivyo. Mvua ikianza, lori halipiti, na pikipiki hubebwa begani na aliyekuja akiipanda. Mpunga unaozea majumbani, au mwanamume anausukuma kwa baiskeli siku nzima, mke wake nyuma ameushikilia usianguke. Vijana wamechoka. Wanaacha jembe wanakwenda mji wa Kama kuchimba dhahabu, na si wote wanaotoka kwenye yale mashimo.

Basi mwaka huu serikali ya jimbo ikatuletea mpango wake wa uchumi. Kitabu kizito, unaweza kuzuia mlango nacho. Humo mmeandikwa barabara zipi zitatengenezwa, ghala zipi zitajengwa, na wapi. Sisi wa komisyo, ile kamati ya uchumi, tunakisoma, tunauliza maswali, tunasahihisha, kisha bunge zima linapiga kura. Kilichomo kitaombewa fedha. Kisichomo, ni kama hakipo duniani.

Nikafungua ukurasa wetu. Kulikuwa na ghala moja ya mpunga, pale Kibombo mjini, nikashukuru. Barabara ya Tunda haikuwemo.

Nilimuuliza waziri aliyekuja kuutetea mpango. Mtu mpole, ana miwani, hapandishi sauti. Akasema, "Onorabule, Kama iko na dhahabu. Tunda iko na nini?" Wenzangu wakacheka. Nikasema Tunda iko na mpunga, mimi huu mwili wote ni mpunga wa Tunda. Naye akageuza kitabu upande wangu, akaweka kidole kwenye jedwali la nyuma, mstari wa Tunda na vijiji vyake vyote, ambako hapakuwa na hata punje. "Onorabule," akasema, "tumbo yako haiko karatasi."

Nikakasirika. Hasira zako hizo, usikatae, nimezirithi kwako. Nikasema komisyo ina haki ya kuona jedwali hilo limetoka wapi, na hatuendelei mpaka tulione. Kesho yake karani mmoja akaleta faili la kale, kingo zimeliwa na mende. Nikalifungua mbele ya watu nikiwa nimejiandaa kumuaibisha mtu.

Baba. Ulikuwa mwandiko wangu.

Mwandiko wangu wa nilipokuwa na miaka kumi na tisa, ule wa kujidai, herufi zimelala zote upande mmoja. Na chini yake sahihi yako. Nilifunga faili. Nikasema naumwa kichwa, nikatoka nje, nikasimama kwenye jua kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Unakumbuka. Vita vilikuwa vimefunga shule, mimi niko nyumbani nimechoka kutwanga sombe, majani ya muhogo kutwa. Wale waliokuwa wameshika miji walikuletea karatasi zenye mistari, wakasema wanapanga uchumi wa jimbo, kila kijiji kiandikwe kimelima nini na kimevuna nini. Kijiji cha kwanza, cha kando ya reli, ulikiandika kweli, kwa sababu ndivyo ulivyosomea, na hukujua kuandika namna nyingine. Hazikupita siku nyingi, askari wakafika pale na magunia matupu. Wakajaza magunia, kisha wakachukua wanaume wa kuyabeba. Wanaume wale hawakurudi. Wewe ulikwenda kuwapa pole wake zao, ukarudi, ukakaa kwenye kiti chako cha kamba, hukuvua viatu wala hukunywa maji. Tangu siku ile hukutaka tena kujaza karatasi zile kwa mkono wako, na ndiyo maana uliniita mimi.

"Andika néant," ulisema. "Kila mustari, néant." Kifaransa cha ofisi, maana yake hakuna kitu. Nikaandika, kijiji baada ya kijiji, na huku kwa jirani tunasikia mpunga unatwangwa. Ukatia sahihi. Kisha ukashika njia kwa miguu, ukapita vijiji vyote vile ukiwaambia watu neno moja: "Mutu ya karatasi akifika, munasema hakuna. Hata akiwa mimi."

Hakuna kijiji kingine kilichochukuliwa wanaume wa kubeba magunia. Hilo nalijua mimi, unalijua wewe, na wanalijua wao.

Vita vilipokwisha ulirudi kazini ukaandika tena ripoti za kweli, za vijiji vya kando ya reli. Za upande wa Tunda ulisema utazisahihisha. Kila mwaka ulisema. Nilikukumbusha mara mbili, ukanijibu kwamba watu bado wana woga, tuwaache kidogo. Kisha miguu ikavimba, kisha ndiyo hivyo tena. Na ofisini walifanya kama ofisi zote zinavyofanya: mwaka ambao hakuna aliyekwenda kuhesabu, wanaandika ya mwaka uliopita. Hivyo ile néant yetu ikavuka mwaka hadi mwaka, mpaka ikaingia kwenye mpango.

Nikamwambia Mama. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Baba yako amelala. Umuache alale." Nikazunguka na maneno hayo siku tatu. Nikajiambia marehemu hapiti barabarani, walio hai ndio wanaopita. Nikajiambia wewe mwenyewe ungeniambia, nenda ukaseme. Lakini sikuwa na hakika, na hata leo sina. Ungekuwepo ningekuuliza. Sasa nakuuliza nimekwisha kufanya, ni upuuzi.

Nilisimama katika kikao cha wote nikasema yote. Magunia, wale wanaume, karatasi, mwandiko wangu. Nilidhani watalia. Nilikuwa nimeshalia mimi, nilidhani inaambukiza. Mheshimiwa mmoja nyuma akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, Onorabule." Nilitaka kumjibu kwamba yako imetoka vitani ikafika mpaka kwenye meza yake, lakini nilikuwa nafuta macho.

Halafu mkuu wa komisyo yetu, mtu wa heshima sana, hata hakuwa na nia mbaya, akauliza swali lake taratibu. "Kama alidanganya huku, tutajua namna gani hakudanganya kule?" Baba, sikuelewa mara moja. Nilikuwa bado nafuta macho. Kumbe alikuwa anaongelea ile ghala ya Kibombo. Ghala ilikuwa imewekwa kwenye mpango kwa sababu ya ripoti zako za baada ya vita, zile za kweli, zile ulizotembelea mpaka miguu ikavimba. Nikasema hizo ni kweli, naapa. Wakaniambia bungeni hatuapi, tunaleta karatasi.

Barabara haikupigiwa hata kura, kwa kuwa haikuwa na hesabu mpya. Ghala ilipigiwa. Iondolewe mpaka ripoti za agronomu yule zihakikiwe. Mikono ikainuka. Mwenzangu anayetoka Kibombo kama sisi aliinua wake akiangalia meza. Nilikwenda kuomba barabara, nikarudi nimepoteza na ghala. Mwenda tezi na omo hurejea ngamani, lakini mimi hata hiyo ngama niliitoboa.

Na mwisho mpango mzima ukapigiwa kura, na mimi nikainua mkono kuukubali. Ndiyo. Kulikuwa na zahanati ndani yake, kulikuwa na daraja la watu wengine ambao hawakunikosea. Nikainua mkono na nilikuwa nautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Sasa Mama hasemi na mimi. Ananipikia, ananiwekea sahani, anaifunika vizuri, anatoka. Siku moja tu alisema kitu, alisema, "Kabla ya ubunge ulikuwa mutoto wa nani?" akaenda zake uani. Hapa mtaani kwetu Kasuku vijana wa pikipiki walikuwa wananiita kwa jina lako ili nipande kwao. Sasa wananiita Onorabule, kwa adabu kabisa. Sikujua adabu inaweza kuuma hivyo.

Nikaambiwa kuna njia moja iliyobaki. Nilete hesabu za vijiji, zimetiwa sahihi na wakulima wenyewe, kabla mpango huo uliopitishwa haujarudishwa bungeni kusahihishwa, na huenda wakasikiliza. Nikasema hiyo naiweza. Nikachukua karatasi, nikakodi pikipiki, nikaenda Tunda mwenyewe, nimechafuka matope mpaka shingoni.

Nilianzia kwa Mama Feza, yule mjane unayemjua, ambaye mume wake alikuwa mmoja wa wale wanaume wa magunia na ambaye baadaye alihamia Tunda. Alinipokea kwa vigelegele. Alinisimamisha, akanizungusha, akasema nimekonda na ubunge. Kama kawaida yetu sikuulizwa nimekuja kwa habari gani mpaka niwe nimekula. Akaleta wali, Baba, sahani imejaa mpaka kingoni, mpya, bado una harufu ya shamba, na samaki juu. Nyuma ya nyumba nilikuwa nauona mpunga wenyewe umesimama, unafika mpaka mtoni. Nilikula mpaka nikaona haya.

Nikanawa mikono. Nikatoa karatasi, nikamwambia hii ni ya barabara, safari hii hakuna askari, mimi ndiye nitaibeba. Nikamuuliza mwaka huu amevuna kiasi gani.

Aliitazama karatasi, hakunitazama mimi. Uso wake ulijifunga. Akasema, "Hakuna, mwanangu."

Nikadhani anatania. Nikamwonyesha sahani. Nikasema, Mama, na huu?

"Huu njo wa kukukaribisha," akasema. "Lakini kwa karatasi, hakuna. Baba yako njo alitufundisha. Na sisi tuko wazima."

Nikaenda nyumba ya pili, wakanikaribisha, wakanilisha, wakasema hakuna. Ya tatu hivyo hivyo. Walikuwa wananipenda, walikuwa wananihurumia, na hakuna hata mmoja aliyekubali. Mwisho nilijificha nyuma ya choo cha mwenyeji wangu nikalia, Onorabule mzima, na nje nawasikia wanabishana nani atanipa kuku wa kurudi naye.

Nina kalamu. Mpunga nimeuona kwa macho yangu, ningeweza kujaza mwenyewe nikaweka sahihi za uongo juu ya jambo la kweli. Mwandiko mzuri bado ninao. Sikujaza. Siwezi kuandika "iko" mahali wanaposema "hakuna", kwa kuwa nikikosea mimi, watakaochukuliwa ni wao. Na siwezi kuwaambia kwamba magunia hayatarudi. Wewe ungeweza kuwaambia? Mimi hapa Kindu kuna siku naamka sijui nani ameshika mji gani.

Kuku ninaye, amefungwa mguu uani, Mama amekataa kumchinja. Karatasi iko mezani haina kitu. Mpango utarudishwa kusahihishwa na sisi hatumo.

Basi pumzika, Baba, kama wataniruhusu bado kukuita hivyo. Sikuombi unisamehe kwa leo, nimechelewa kuuliza. Nakuahidi jambo moja tu, maana makubwa siyawezi. Nitarudi Tunda, na nitarudi tena, na karatasi nitaiacha kwenye pikipiki. Nitakula kwao, nitalima nao nikijaliwa, nitawatajia majina ya wale wanaume wajue sijayasahau. Siku mmoja wao akisema mwenyewe "iko", nitaiandika polepole, kwa mwandiko wangu, na nitamuuliza mara mbili kama ana hakika.

Mwanao,
Zaina