Bunduki Uliyomwachia Zuhura

Ami,

Shikamoo. Najua hutoniitikia, lakini siwezi kuanza maneno na wewe bila ya kukuamkia.

Bunduki yako haipo. Ile uliyoitundika juu ya kochi pale kwako Hounslow, London, ya risasi mojamoja, aina aliyobeba baba yako alipokuwa askari Unguja. Haipo tangu wiki ile ulipopata kiharusi. Wewe uko hospitali, mimi nimebaki peke yangu kwenye flati, na makaratasi yangu ya ukaazi yako Uhamiaji, Croydon, yanangoja jibu. Nikawaza, wakija hawa wa Uhamiaji wakaona silaha ukutani, nimekwisha. Nikawapigia simu polisi mwenyewe. Wakaja wawili, wapole, wakanipa fomu ya kuiachia. Mmoja akaniuliza kama nina hakika. Nikatia saini, wakaondoka nayo. Sikumuuliza hata swali moja.

Siku ile ile nikaja kukutazama. Mdomo umekwenda upande, na neno lako la kwanza likawa, "Bunduki umeifuta vumbi?"

"Nimeifuta, Ami."

Ukanishika mkono. "Mpe Zuhura." Nikaitikia. Ami, niliitikia.

Tumekuzika, khitma imesomwa, na binti yako Zuhura ananipigia simu kila wiki. Unamjua, anaelewa kila kitu kisha anajibu Kiingereza. Anataka aje na gari aichukue, aipeleke kwake Thamesmead. Nimemwambia iko kwa fundi, kitako kinapigwa mafuta. Mwezi wa tano huu kinapigwa mafuta. Juzi kacheka, kanambia huyo fundi wako hayo mafuta anayachimba mwenyewe.

Hapo shetani akanijia. Ninunue nyingine kama ile, nimwambie ndiyo hii. Nani atajua?

Safari hii nikapiga simu, nikauliza kwanza. Polisi wakanambia bunduki ya umri ule, ambayo risasi zake zimeshatoka katika matumizi, mtu anaweza kuiweka kama pambo bila ya leseni, maadamu hana risasi zake wala nia ya kuipiga. Nikakaa chini pale pale jikoni. Wewe ulikwishanieleza hayo. Mimi nikaona maneno ya mzee tu.

Jumapili nikaenda soko la silaha za kale, ukumbi ule ule ulikonipeleka. Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Sikuigusa mpaka mwenye meza aliponiruhusu. Nikaielekeza chini, pasipo mtu, nikashusha ule mkono wake wa chini unaofungua chumba cha risasi, nikachungulia ndani, kisha nikatia na kidole, maana wewe hukuwa ukitosheka na jicho. Tupu. Nikalinganisha namba za chumani, nikatazama mtutu kwenye mwanga. Nikamtaka anipe risiti yenye aina, umri, na kipimo cha risasi.

Akaandika polepole, akaniambia karatasi hii isitengane na bunduki, siku yoyote mtu akiuliza, ndiyo ya kumwonyesha. Kisha akaniuliza, "Niandike jina la nani?"

Ili uongo wangu usimame, risiti lazima niifiche. Na nikiificha, mwanao atakaa na silaha ukutani isiyo na karatasi, na siku wakibisha hodi ataingiwa na ile hofu iliyoniingia mimi. Watu wakaanza kupanga foleni nyuma yangu.

Nikasema, "Zuhura." Nikamtajia na jina lako, herufi kwa herufi. Tarehe ya Jumapili iko juu kabisa, hata mtoto ataiona.

Jumamosi naipeleka Thamesmead, na risiti yake. Nitamwambia siyo yako. Nitamwambia nani alipiga ile simu, na nilikujibu nini kitandani. Akinifukuza, nitavaa viatu nitoke.

Ami, nisamehe. Kaburini kwako sijaja tangu tulipokuzika, na sababu sasa unaijua. Nitakuja nikishamwambia, si kabla. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Khamis