Ncha Mbili za Utepe

Alhamisi, 21 Novemba 2013

Mgongo leo umekataa kunyooka. Tumefunga vyuma site ya Umm Salal tangu alfajiri. Kwenye basi nililala mdomo wazi hadi kambini, na Philipo, mwenzangu wa chumba, ananicheka, eti nimemeza nzi wote wa Qatar.

Mzee Reuben amenijia na mfuko. Yeye ndiye anayepika chai ofisini kwa Mista Kerr, injinia wetu Mskoti. Ndani kuna bereti tupu, nyeusi, kama ya askari wa benki. Utepe wa hariri, wa zamani. Sufu nyekundu. Na picha ya mzungu mzee amevaa kofia. Ni marehemu babake Mista Kerr. Kofia yake imeliwa na wadudu, utepe tu ndio umepona. Sasa unatakiwa ushonwe kwenye hii bereti, kwa sababu Ijumaa ijayo Waskoti wana sherehe na wanaume watavaa sketi za miraba.

Philipo: sketi? Na suruali wamemwachia nani? Mzee akamjibu kwamba Mmasai huvaa shuka na hakuna anayemuuliza habari ya suruali.

Mzee alitumwa kwa mafundi wa mtaa wa Najma, mjini. Hakwenda. Wale ni watu wa mashine, akasema, hii inataka mkono. "Fanya kama picha, fundi."

Fundi! Miaka miwili hakuna aliyeniita hivyo. Ajenti alinidanganya nitakuja kushona, nikapewa koleo na waya.

Ijumaa, 22 Novemba 2013

Siku ya kupumzika. Nimeshona tangu asubuhi.

Nimeifukiza bereti kwa mvuke wa birika, nikaivuta juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi mpaka ikakubali umbo. Sufu nimeizungusha kwenye uma, nikafunga, nikakata — kishada chekundu, duara kabisa, juu katikati. Utepe kuzunguka ukingo. Vidole vimekufa ganzi kwa vyuma lakini havijasahau.

Nyuma zilibaki ncha mbili, ndefu kama kiganja, zimechakaa. Kwenye picha yule mzee ametazama mbele, ncha hazionekani. Shangazi Nyaboke, aliyenifundisha sindano kule Keroka, alikuwa akinizaba kofi kwa uzi mmoja tu unaoning'inia. Nikazikata. Nikakunja, nikashona kwa ndani. Huwezi kuona kiungo! Vipande nilivifagia na taka za chumba, na lori la taka limeshapita.

Mzee Reuben ameigeuza mara tatu. Amesema hata mwenyewe angefufuka aje aivae.

Nimefurahi leo. Niandike hivyo hivyo.

Jumapili, 24 Novemba 2013

Nimeharibu.

Mzee amerudi na uso wa majivu. Mista Kerr hakufoka, anasema, na hilo ndilo baya. Aligeuza kofia nyuma, akauliza ncha ziko wapi. Kwao huachwa zining'inie kisogoni. Makusudi! Babake alizifunga kwa vidole vyake kila alipoivaa, na mikunjo ya fundo lake ilikuwa bado ipo. Nami niliiona ile mikunjo. Nilidhani ni uchakavu.

Mista Kerr akachukua funguo za gari: twende kwa huyo fundi, pengine vipande vingali sakafuni. Mzee akabanwa. Akasema hakuna fundi, ameshona mwenyewe. Msimamizi wa ofisi alikuwa mlangoni, akasikia yote.

Nikamwambia mzee kesho nitakwenda kusema ukweli.

"Una barua mbili za onyo, Fabian. Kazi ya pembeni ni ya tatu, na ya tatu ni ndege ya kurudi kwenu. Una watoto. Nyamaza."

Sikubishana hata mara ya pili. Hilo linaniuma kuliko utepe.

Jumanne, 26 Novemba 2013

Msimamizi amemtoa Mzee Reuben ofisini kwa yale aliyoyasikia. Amepewa helmeti, yuko kwenye genge letu. Miaka hamsini na mitatu, goti bovu.

Philipo: karibu mzee, chai ya huku ni ya chuma. Mzee alicheka. Mimi sikuweza.

Alhamisi, 28 Novemba 2013

Naandika hapa hapa site, saa ya chakula. Sina wa kumwambia.

Mista Kerr ameshuka mwenyewe hadi kwetu. Kumbe amepata utepe mwingine, unafanana kidogo. Akamwambia mzee mbele yetu sote: sina hasira tena. Mamangu ameona picha ya kazi yako, anasema hajaona mkono mzuri hivyo. Sherehe ni kesho. Njoo unishonee ncha mbili tu, halafu rudi kwenye chai yako, nimeshaongea na msimamizi.

Anatabasamu. Mtu mwema. Na Mzee Reuben hajui kushona hata kifungo! Vya shati alilovaa nilivishona mimi.

Mzee alinitazama. Nilikuwa na chapati mdomoni. Nikatafuna.

Wakapanda ngazi za ofisi pamoja. Goti linamvuta, Mista Kerr akampunguzia mwendo.

Nawaona dirishani. Kofia iko mezani. Mzee amelamba uzi, ameuelekeza kwenye tundu la sindano, umepita kando. Amelamba tena. Umepita kando tena. Philipo ameuliza mbona sili. Nimemwambia nimeshiba.

Mara ya nne.

Sasa Mista Kerr amesogeza kiti karibu naye. Anamshikia sindano.