Tumbo Lilipofunga

Jumanne, jioni. Mvua imekatika, mawingu bado yamening'inia juu ya Runazi. Naandika kwa simu, nimekaa kwenye benchi la kituo cha afya, Edga mapajani. Ndiye kitinda mimba wangu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Tangu Jumapili alikuwa anaharisha na kutapika. Nilikuwa na pakiti za ORS, zile za kurudisha maji mwilini, nilizopewa kliniki, nikataka kumchanganyia. Mama mkwe akakataa katakata. "Ndoo iliyotoboka huijazi maji, Mama Anitha. Liache tumbo likauke." Mume wangu yuko Ngara kwenye kibarua, na nyumba ile ni ya mama yake. Nikawa nampa mtoto kwa siri vijiko viwili vitatu bibi akienda kwenye mihogo. Nilijua havitoshi.

Leo asubuhi akaacha kuharisha.

Mama mkwe alifurahi, jamani! "Umeona? Tumbo limefunga." Jirani aliyekuja kutoa pole akatoa hongera. Na mimi nilifurahi, sitadanganya. Nikafua, nikaanika, nikamwacha amelala. Kimya chake nilikiona ni usingizi mzuri.

Nilipomchukua nimnyonyeshe, hakunyonya. Macho yameingia ndani. Nikamfinya ngozi ya tumbo, nikaachia, ikabaki imekunjika kama kitambaa. Akafungua mdomo kulia, lakini machozi hayakutoka. Nepi niliyomfunga alfajiri ilikuwa kavu.

Hakuwa amepona. Hakuwa na kitu cha kutoa tena.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimbeba mgongoni, nikapanda bodaboda, dada yake Anitha nikamwacha na bibi yao. Hapa nesi amechanganya pakiti nzima kwenye lita moja ya maji safi, nami nampa kijiko kwa kijiko. Akitapika tunasubiri kidogo, tunaanza upya. Nesi kasema akishindwa kunywa watamtundikia dripu mara moja. Anakunywa, ila mpaka sasa hajakojoa. Namwangalia mpaka macho yananiuma.

Nilipotulia kidogo ndipo nikaona nimekaa na akina nani. Benchi zima ni watu wa kitongoji chetu, wengine wamelala sakafuni. Nesi akawa anauliza kila mmoja anachota maji wapi. Wote wakamjibu kitu kimoja: chemchemi ya bondeni. Akamwita daktari pembeni, wakazungumza kwa sauti ya chini, na waliporudi walikuwa wamevaa glavu.

Nikamkumbuka Anitha. Asubuhi, wakati sisi tunashangilia, alirudi kutoka bondeni na kidumu chake. Nilimwona kwa macho yangu akinywa njiani.

Sasa hivi simu imeita. Ni mama mkwe, ambaye huwa hapigi, hupigiwa. Hata shikamoo yangu hakuisubiri.

"Mama Anitha, hizi pakiti zako, maji kiasi gani?"

Nikamwambia lita moja, yawe yamechemshwa na kupoa, pakiti yote, na atafute pikipiki sasa hivi, ampe mtoto njia nzima. Akayarudia maneno yangu taratibu, neno kwa neno. Sikumuuliza anayeumwa ni nani. Nilimsikia Anitha akitapika nyuma yake.

Siku zote hizi nimesali bibi huyu anisikilize. Mungu wangu, ndivyo unavyonijibu?