Kigae cha Mama

Jumapili, Euless, huku ughaibuni, kando ya uwanja wa ndege. Mawingu tangu asubuhi na joto la kunata. Ndege zinapita juu ya paa letu kama kawaida, na mimi sihisi chochote, si huzuni wala usingizi.

Jana nimerudi kutoka Seoul. Ndiyo, ya Korea. Hata nikiandika naona kama nasimulia ya mtu mwingine.

Safari yenyewe ilikuwa ya Morogoro, kwenye arobaini ya mama. Sisi wafanyakazi wa uwanja wa ndege tunasafiri kwa tiketi ya kusubiri: kiti kikibaki unapanda, kisipobaki unakaa na begi lako. Nilikaa. Kila ndege ya kunipeleka upande wa nyumbani ilijaa, mpaka arobaini ikapita bila mimi. Likizo ilikuwa bado ipo. Mama Furaha, Mkongo ninayepakia naye mizigo, akaniambia, "Ile ya Seoul iko vide, viti tupu, dada. Enda tu. Ku nyumba utafanya nini, utaangalia ukuta?"

Nikaenda kuangalia ukuta.

Ni ukuta wa kale wa kulinda mji, unapanda kilima na kushuka. Mawe ya chini meusi, ya juu meupe, ya ukarabati. Watu walipiga picha, nami nikapiga. Nilitembea mpaka miguu ikauma, na hayo ndiyo maumivu pekee niliyoyapata tangu msiba.

Mdogo wangu Neema ndiye aliyemuuguza mama. Kila akipiga simu huniuliza, "Dada, umelia?" Namjibu bado. Anaaga haraka, na najua anachofikiria. Naogopa kwamba mapenzi yangu kwa mama yaliishia njiani, miaka hii ya umbali, na sikujua.

Chini ya ukuta kuna hekalu la zamani la Wabudha. Mimi Mlutheri, nikavua viatu nikakaa nyuma kabisa, kama ninavyofanya katika kanisa lolote la ugenini. Uani palikuwa na meza ya vigae vyeusi. Unaandika kwa wino mweupe jina la mtu wako na ombi lako, na siku paa la hekalu likikarabatiwa, kigae chako kinapandishwa juu. Mwanamke wa makamo aliyekaa pale akanipa kalamu kwa ishara. Sikufikiri. Niliandika haraka, kwa mwandiko mzuri:

Mama apone.

Mwaka mzima niliomba hivyo, kwenye gari, kazini katikati ya masanduku. Mkono haukuwa na habari kwamba mambo yamekwisha. Nilitaka kufuta, lakini yule mwanamke alishakipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akakiweka pamoja na vingine. Sikuwa na lugha ya kumwambia.

Leo Neema amepiga. Kabla hajauliza swali lake nikamsimulia habari ya kigae. Nilitegemea anicheke, au anikemee kwa kuomba kwenye nyumba ya watu.

"Dada," akasema, "mimi juzi nimemkorogea mama uji."

 Macho yangu bado makavu, lakini sikukata simu, naye hakukata.

Basi naandika hapa, taratibu, ili mkono nao upate habari: mama amefariki.